Usiku Mto Ulipopanda Mkononi

Mdogo wangu ndiye aliyeuona kwanza. Alinyoosha mkono asogeze sanamu yake mraba mmoja mbele, na ule mto niliouchora kwa siku kadhaa ukatoka mezani ukampanda mkononi: bluu juu ya vifundo, mistari ya miraba ikijipinda kufuata vidole. Akabaki hivyo hivyo, mkono hewani.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "mto umenipanda."

Tulikuwa tunacheza mchezo wa kuigiza wahusika mezani, ule ambao mtu mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mmoja na mhusika wake, na safari nzima inaendeshwa kwa maneno na dadu. Msimulizi nilikuwa mimi. Wachezaji walikuwa wanne. Kwa miaka nilikuwa nachora ramani kwa kalamu kwenye karatasi za miraba, na kila mara nilikwama pale pale. Nikiichora mapema na kuitandaza, vyumba vyote viko wazi kabla hawajafungua hata mlango mmoja. Nikiichora papo hapo, wao wanakaa wanasubiri na joto la mchezo linapoa. Nilijaribu kufunika vyumba kwa vipande vya karatasi. Kiwiko cha mtu kikipita, siri iko nje.

Kwa hiyo nilipopewa projekta iliyostaafishwa ofisini kwa mtu ninayemfahamu, nilijua siku hiyo hiyo nitaifanyia nini.

Jambo la kwanza lilikuwa vipimo. Sanamu zetu zinasimama kwenye vitako vya inchi 1, na mraba mmoja wa inchi 1 tunauhesabu kuwa futi 5 za dunia ya mchezo. Inchi haikuja kwa bahati. Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ulizaliwa kutoka kwenye michezo ya vita ya sanamu ndogo, na humo mwendo wa askari ulipimwa kwa inchi juu ya meza. Mraba ukipungua kidogo tu, sanamu mbili zinabanana na hujui nani yuko wapi. Projekta yangu ilikuwa na pikseli 1280 kwa 800. Nikapiga hesabu: picha ikiwa na upana wa inchi 40 kamili, kila inchi inapata pikseli 32, bila mabaki. Miraba 40 kwa 25. Nilikaa naitazama ile hesabu kwenye karatasi kwa furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote nyumbani.

Ili kupata upana huo, projekta yangu ilihitaji umbali wa kama mita moja na nusu kutoka lenzi hadi meza. Wazo la kuining'iniza ikitazama chini nililiacha mara moja, kwa sababu kijitabu chake kilikataza kuiinamisha hivyo. Taa yake huchemka sana, na feni yake imepangwa kwa mashine iliyolala. Nikailaza juu ya rafu, mbele yake nikafunga kioo kilichoinama nyuzi 45. Mwanga ulitoka kwenye lenzi, ukagonga kioo, ukashuka mezani.

Maandishi yakatokea kinyume, kama kawaida ya kioo. Hilo lilitatuliwa kwenye menyu, kwenye mpangilio uliowekwa kwa watu wanaoonyesha picha kutoka nyuma ya pazia. Picha nayo haikutua chini ya kioo sawasawa. Projekta za ofisini hurusha picha juu ya usawa wa lenzi, na kwa kioo ile "juu" ikageuka kuwa "kuelekea rafu". Nikasogeza meza. Lililonikera zaidi ni kwamba kila mstari ulikuwa na kivuli chake pembeni, hafifu, kama mtu anaona mbili. Kioo cha ukutani kina tabaka la fedha nyuma ya kigae chake, kwa hiyo mwanga hurudi mara mbili: kidogo kwenye uso wa mbele, wingi wake nyuma. Vipo vioo vilivyopakwa mbele, ila sikuwa nacho. Niliongeza unene wa mistari ya miraba, jicho likazoea.

Juu ya meza nilitandika ubao mweupe. Kwenye programu ya picha, ramani ilikuwa tabaka la chini, na juu yake tabaka jeusi tupu. Kazi yangu usiku huo ingekuwa kufuta ule weusi kidogo kidogo, kila mlango ukifunguliwa. Kwenye skrini ya kompyuta mpakato, ambayo nilikuwa naiona mimi tu, niliweka ramani nzima pamoja na maandishi yangu: mitego, milango ya siri, nani amejificha wapi.

Nilipowasha, weusi wangu ulikuwa wa kijivu.

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Projekta haina mwanga mweusi wa kurusha. Inachoweza ni kutorusha kitu, na mahali pasiporushwa kitu panabaki na rangi ya ubao ulivyo chumbani. Taa ya chumba ikiwaka, giza la pangoni linafanana na saruji. Tukazima taa, tukafunga mapazia, halafu hakuna aliyeweza kusoma karatasi ya mhusika wake wala namba ya dadu. Mwishowe tuliweka taa ndogo sakafuni pembeni, ikitazama ukuta, na kila mtu akasogeza karatasi zake upande wa ule mwanga uliobaki. Bado hata hapo giza lilikuwa na weupe wa mbali, lakini lilikuwa giza.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mhusika wa mdogo wangu, mlinzi mwenye mwenge. Nikashika kipanya, nikafuta. Chumba kikajitokeza mezani, kwanza kona, kisha sakafu ya mawe, kisha ukingo wa mto. Hakuna aliyeongea. Wote wanne waliinamia meza kwa pamoja hadi vichwa vyao vikakaribia kuziba mwanga. Hapo ndipo aliponyoosha mkono, na mto ukampanda.

Wakaanza kucheza na vivuli. Sanamu zilizokaa karibu na chini ya kioo zilikuwa na vivuli vifupi, zile za mbali zikatupa virefu kwenda nje, na mmoja wao akaapa kwamba mwenge ndio unaofanya hivyo.

Baada ya kama saa mbili, goti la mtu liligonga kebo. Mwanga ukakatika. Nikaichomeka tena haraka, na kompyuta ikaipokea projekta kama kifaa kipya, ikaamua kuonyesha kule kile kile kilichopo kwangu. Ramani nzima ikamwagika mezani. Vyumba vyote, mitego yote, mwandiko wangu. Na karibu kabisa na sanamu ya mdogo wangu, nyuma ya ukuta, chumba cha siri chenye alama ya chupa za dawa.

Niliweka viganja vyangu viwili mbele ya lenzi. Sekunde tatu, labda nne. Nilisikia moto wa aibu mashavuni. Wiki tatu za maandalizi zilikuwa zimelala pale zikitazamwa.

Mhusika wake wakati huo alikuwa mahututi. Jeraha moja zaidi lingemmaliza, na dawa ilikuwa hapo, miraba mitatu tu, upande wa pili wa ukuta.

Nilirekebisha skrini, weusi ukarudi. Nikasema kama wanataka tuishie hapo, tuishie, nitachora pango jingine.

"Mimi nimeona," mdogo wangu alisema. "Yeye hajaona." Akagusa kichwa cha sanamu kwa ncha ya kidole. Wenzake wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akasema haya, twende na ukumbi wa kushoto, ule tuliokuwa tumekubaliana kabla ya kebo.

Kila anayepita karibu na mlango wa siri ana haki ya kurusha dadu ili aone kama ataugundua, na aliitumia. Namba ya kufikia nilikuwa nimeiandika tangu wiki iliyopita: 15. Dadu ya nyuso 20 ilizunguka juu ya mto, ikipita kwenye mwanga na kivuli, ikasimama kwenye 4. Akaiangalia. Akaichukua akaiweka pembeni, akasogeza sanamu yake mbele, mraba kwa mraba, akiupita ule ukuta bila kuutazama, na mimi nikafuta giza mbele yake kwa mkono uliokuwa unatetemeka.

Alianguka mwisho wa ukumbi ule, kwa mshale. Nilitaka kumwokoa. Msimulizi anaweza, hakuna anayeziona karatasi zake. Nilimtazama, naye akatikisa kichwa, kidogo sana, wengine hawakuona. Nikaisoma namba kama ilivyotoka.

Wenzake walipoondoka alibaki kunisaidia. Kabla hatujawasha taa alipiga magoti chini ya meza na utepe wa gundi, akaifunga kebo kwenye mguu wa meza mizunguko mitatu, kisha kwenye rafu, kisha akaivuta kwa nguvu kuhakikisha. Projekta ilikuwa bado inawaka na feni inavuma. Sanamu yake ilikuwa imelala ubavu kwenye sakafu ya mawe ya mwanga.

"Mle chumbani," akasema kutoka chini ya meza, "zile chupa..." Akakatiza. "Hapana, usiniambie. Nitaanza mhusika mpya, halafu turudi."