Siku yangu gereji: Corolla ya asubuhi na gia boksi ya mchana

Saa 12:30 asubuhi niko gereji, Ilala. Chai ya rangi, chapati mbili, ovaroli iliyoshindikana kwa sabuni ya aina yoyote. Watu wanadhani fundi kazi yake ni kulala chini ya gari. Siku hizi nusu ya kazi ni kubishana na wateja: gari za zamani na za siku hizi, zipi bora.

Saa 1 hadi saa 4: bushi, breki, kumwaga oili IST mbili. Basi.

Saa 4 ikaletwa Corolla 110 kwa kamba. Usiku mvua ilinyesha, kwa hiyo sikuhangaika na mashine ya kupimia gari. Nilifungua kifuniko cha distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi: ndani unyevunyevu, ufa mwembamba kama unywele. Nikapangusa, ikawaka, nikamwambia mwenyewe akanunue kifuniko kipya. Ndiyo raha ya gari za zamani, ugonjwa wake unaushika kwa mkono. Ila mwenyewe huyuhuyu anayetamba kwamba gari za zamani haziharibiki namwona hapa kila mwezi: leo hosi imekauka, kesho rejeta, sakafu inaliwa na kutu, na mkanda wa taimingi hajui ulibadilishwa lini.

Saa 5 akaingia mzee mmoja na gari ya binti yake, ya mwaka 2012, gia ya CVT.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Injini inanguruma, gari haiendi. Ongeza hidroliki ya gia boksi tu, nina haraka."

Nikachomeka mashine. Akacheka. "Zamani fundi alitumia masikio. Wewe unasoma simu, halafu unanidai elfu ishirini ya kusoma!" Nikameza mate. Nikamuuliza nani aliweka oili ya gia boksi mara ya mwisho. Kimya. Nikauliza tena. Akaangalia barabarani.

"Niliongeza mwenyewe. Nilitoa kwenye dumu la hidroliki ya Corolla yangu."

Nilifungua sampu, bakuli la oili chini ya gia boksi. Oili imeungua, harufu yake inakaba koo, na sumaku za chini zimeota manyoya ya chuma. CVT haina gia zile anazozijua mzee. Ni puli mbili na mkanda wa chuma katikati, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ung'ang'anie puli. Ukiweka hidroliki ya kawaida, mkanda unateleza na kukwangua puli. Nikampakia manyoya yale kidoleni aone.

"Gari za siku hizi plastiki tupu," akasema.

Tulibishana mpaka adhuhuri ikapita. Kila nilipotaja gia boksi ya mtumba kutoka maduka ya spea ya Shauri Moyo alirudi kwenye Corolla yake, iliyosomesha watoto watano. Sikatai. Lakini hii ya binti ilikuwa nzima kabla ya lile dumu! Mgongo unauma, sijala, dogo wangu kapoteza spana namba 14, jua limehamia upande wetu, na mzee bado anahesabu watoto.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipokubaliana bei. Magari ya jioni yalishaanza kujaa barabarani. Nilikuwa nanawa mikono kwa sabuni ya unga aliponisogelea, sauti ameishusha.

"Fundi, binti akipiga simu, hilo la dumu liache."

Nikasema sawa. Dumu lenyewe bado lilikuwa kwenye buti, nimelifunika kwa gunia.