Pesa iko kwenye simu, mzazi yuko kitandani

Watu wa nje wakiniuliza kuhusu vita ya Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, huwa wanauliza mabomu, na ni kweli mabomu yalikuwepo, tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini familia nzima tulikuwa tumelala chini kwenye korido, umeme umekatika, bomba limekauka, watu wanashuka ziwani na madumu huku risasi bado zinalia. Lakini mi nataka kuandika kitu kilichokuja nyuma ya hapo, mwezi wa tatu, wakati watu walishaanza kusema hali imetulia. Mdogo wangu alijifungua kwa kupasuliwa, mama mzima na mtoto mzima, tukamshukuru Mungu, halafu wakashindwa kutoka maternite, ile kliniki ya kujifungulia, kwa sababu mji mzima haukuwa na noti.

Nieleze vizuri maana mtu ambaye hajaishi hiyo anaweza kufikiri hatukuwa na pesa. Pesa ilikuwepo. Shemeji yangu ni dereva wa lori, vita ilimkuta upande wa Kisangani na barabara zikafungwa, akawa anatuma kwa simu kidogokidogo kile anachopata kwa vibarua, mpaka siku ile kwenye simu ya mdogo wangu kulikuwa na dola 210. Bili ya kliniki ilikuwa dola 180. Sasa benki zote zilifunga milango ile wiki mji ulipoanguka, Kinshasa haileti tena noti huku kwetu, uwanja wa ndege umefungwa, na noti zilizobaki mjini ndo hizohizo zinazunguka mkono kwa mkono, na kila siku zinapungua sababu mwenye nayo anaificha. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa sekondari, mshahara wangu unapitia benki, kwa hiyo tangu mwaka uanze nilikuwa sijaugusa, na ile prime, nyongeza ambayo wazazi wa wanafunzi wanatulipa walimu, ndo usiseme, wengi wao walikuwa wanafanya kazi kwenye ONG, yaani mashirika ya misaada, na ONG nyingi ziliondoka, wengine walikuwa wanauza chakula kwenye makambi ya wakimbizi na makambi yenyewe yalivunjwa mwezi wa pili.

Mhasibu wa kliniki alikuwa mama mtu mzima, hakuwa mtu mbaya, nasema ukweli. Nilimwonyesha simu, akaitazama kabisa, akasema, "Mwalimu, miye sikatale. Ile ya simu niko nayo mingi, lakini farmasi hawaitake, na bauguzi beko na njaa. Utuletee ya mkononi." Akaongeza kwamba kila usiku mzazi anaolala pale baada ya kuruhusiwa na daktari ni dola tano juu ya bili. Nilimwelewa na bado roho iliniuma sana, maana mtoto mchanga anashikwa kama rehani ya noti ambazo hazipo, na chumba kile kilikuwa na wengine, wamama walioruhusiwa zamani, vidonda vimeshafunga, wanakaa wawili kitanda kimoja na watoto wao, wanaosha nguo za watoto uani na kuzianika juu ya mawe ya volkano, wanasubiri mtu awaletee noti.

Nikachukua simu ya mdogo wangu na namba yake ya siri nikaanza kuzunguka. Kabine za kutoa pesa kule kwetu ni mtu na mwavuli wake na kiti cha plastiki, barabarani kila hatua kumi unakuta moja, nilianzia Majengo nikashuka mpaka Birere na jibu lilikuwa moja, cash haiko. Wengine hata hawasemi, wanakutikisia kichwa ukiwa bado mbali. Wenye nayo wanakata, mmoja alitaka dola nane kwa kila mia, mwingine alisema anatoa dola 20 tu kwa mtu mmoja ili na wengine wapate, huyo nilimpenda nikapanga mstari, na ilipofika zamu yangu akanipa noti moja ya dola 20. Nilikimbia nayo mpaka kliniki nikifurahi, mhasibu akaiinua kwenye mwanga, akakuta imechanika pembeni kidogo tu, hata ukucha haupiti, akanirudishia. Mtu wa Kongo ananielewa hapa. Franga, pesa yetu ya Kongo, inaweza kuwa imeoza, imefungwa na gundi, imekuwa nyeusi kama kitambaa cha jikoni, na inapokelewa, lakini dola ikichanika hata kidogo basi hiyo ni karatasi tu, hakuna wa kuipokea.

Nilirudi kwa yule kijana nikambembeleza anirudishie kwenye simu, akakubali, na ndo yeye akanipa akili. Akasema, mwalimu, unatafuta cash kwetu, sisi wenyewe tunaitafuta. Cash inaingia na wamama wanaouza. Nenda Kituku jioni, wakimaliza kuuza, kabla hawajaenda nyumbani.

Kituku ni soko na bandari ndogo pale Kyeshero, boti za Minova na Idjwi na Kalehe zinafika pale na ndizi, mihogo, makala ya kupikia (mkaa), mikungu ya matunda, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zinauzwa kwa vikombe, harufu yake unaisikia kabla hujaona ziwa. Mi nilikuwa sijafika pale tangu mwezi wa kumi 2024. Tarehe 3 mwezi huo boti ikitoka Minova ilizama karibu kabisa na ufuko, watu waliokuja kupokea ndugu zao wanaangalia kwa macho yao, na ilikuwa imejaa kupita kiasi kwa sababu barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita na watu hawakuwa na njia nyingine isipokuwa maji. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la nne la sekondari alipoteza mama yake mdogo humo, alikosa shule muda mrefu, na nilipoenda kutoa pole ndo nilimjua mama yake mzazi, muuza unga wa mihogo pale Kituku.

Huyo mama ndo nilienda kumtafuta. Nilimkuta amekaa juu ya gunia tupu anapanga franga zake kwa mafungu. Nilimsalimia, nikamweleza yote, nikamwambia akate anachotaka, watu wote wanakata. Akanyamaza akiendelea kuhesabu mpaka nikadhani hakunisikia, halafu akasema, "Nikate pesa ya mwenye kuzala? Mungu ataniuliza nini? Tuma, mwalimu."

Nikatuma. Simu ikasema subiri. Tukasubiri, na wale waliosubiri ujumbe wa pesa kipindi kile wanajua ile hofu, kwenye simu ya mdogo wangu pesa imeshatoka na kwenye simu yake haijaingia, jua linashuka, wamama wengine wanakunja mahema, na katika mji ule wakati ule hakuna mtu alitaka kuonekana barabarani giza likiingia na pesa mfukoni, kila usiku tulikuwa tunasikia nyumba fulani imeingiliwa na watu wenye silaha. Angeweza kusema rudi kesho. Hakusema. Akamtuma kijana wake akasimame juu ya jiwe refu na simu kutafuta mtandao, na baada ya muda kijana akapiga kelele, "Imeingia!"

Akanihesabia. Noti kubwa ya franga ni 20,000 lakini hizo zilishapotea zote, alikuwa na za mia tano na za elfu moja, na dola mia peke yake ukiiweka kwa noti za mia tano ni zaidi ya noti 500, kwa hiyo fikiria 180. Tulihesabu wawili, akaziweka ndani ya mfuko wa unga na kumwagia unga kidogo juu, akaniambia nitembee kama mtu aliyenunua chakula. Nilitembea kwa miguu mpaka kliniki, sikutaka hata moto, yaani pikipiki, niliogopa kusimamishwa.

Mhasibu na msaidizi wake walihesabu karibu saa nzima, vidole vyao vikawa vyeupe. Hakurudisha hata noti moja, na hela za usiku alizifuta mwenyewe bila mimi kuomba. Wakati nafunga vitu vya mdogo wangu wamama wa chumba kile wakanizunguka, mwalimu umepata wapi, nikawaelekeza Kituku, saa ngapi, upande gani. Wawili walikuwa na pesa kwenye simu kama sisi na waume zao walienda kesho yake. Lakini kulikuwa na mmoja kitanda cha mlangoni, msichana wa Masisi aliyekuwa kambi ya Bulengo, walipoambiwa watoke ndani ya saa 72 alirudi kwao akakuta nyumba haipo, akarudi tena Goma kwa miguu na mimba ya miezi minane. Huyo hakuwa na pesa ya simu wala simu yenyewe. Bili yake ilikuwa dola 90.

Mdogo wangu alimwangalia, akaniambia (yaya kwetu ni mkubwa wako), "Yaya, ile inabaki kwa simu, umutolee." Ilikuwa dola 30 na ndo chakula chetu cha wiki hizo, na sikubishana naye. Nikarudi Kituku. Mhasibu akapokea zile 30, akauliza nani anasimamia zilizobaki, nikatia saini kwenye daftari mi mwenyewe, na msichana akatoka siku hiyo na mtoto wake mgongoni.

CADECO, benki ya akiba ya serikali, ilipofunguliwa tena mwezi wa nne deni hilo lilikuwa bado kwenye daftari. Mshahara wangu haupitii hapo.