Mstari wa bluu ulioishia kwenye migomba

Kopi ya ramani nilinunua Dar elfu kumi na tano, rangi yenyewe imefifia, nikalipa tu maana nilishaitafuta sana. Ni ile ya zamani ya 1:50,000 waliyochora Waingereza kwa picha za ndege, urefu wote kwa futi, Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, imeandikwa 19,340, ndo hizo mita 5,895 za leo. Nilitaka nifike kihamba, shamba la ukoo, alichozaliwa mama huko Marangu, niuone na mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba anaotusimulia tangu tuko wadogo.

Basi mpaka Moshi, hiace mpaka Marangu Mtoni, tumebanwa magoti hayana pa kukaa. Shida imeanzia kwa boda. Kwenye ramani pale aliponishusha na ninapoenda ni sentimita mbili, yaani kilomita moja, akachukua buku tano akageuza. Kumbe katikati kuna korongo, mistari ya mwinuko imebanana mpaka imekuwa doa la kahawia, nimeshuka nimepanda saa nzima na nusu, nashika mizizi, ramani nimeiuma mdomoni.

Juu nikamkuta mzee anamkatia ng'ombe majani. Nikamwamkia, nikataja ukoo wetu, nikaikunjua ramani. Majina hata hakuyaangalia, alianza na mito, akaihesabu kwa kidole mmoja mmoja mpaka akagota kwenye kistari chembamba cha bluu. Mto unaikata mistari ya mwinuko unaporomoka bondeni, hiki kilikuwa kinaambaa nayo ubavuni, kinashuka taratiiibu. "Mfongo wa babu zako ndo huu, ila wameukata. Maji hayakuishia hapa."

Kweli, kistari kinakufa katikati ya kijani. Akaniambia hapo ilikuwa migomba na kahawa chini ya miti mikubwa, sasa mtu aliyeko kwenye ndege angeona nini mwanangu?

Tukaufuata. Mfereji upo, mkavu, umejaa majani makavu, lakini yale mawe ya kingo yamekaa vilevile yalivyopangwa. Akanionyesha pale familia zilipokuwa zinafungulia maji kwa zamu, wengine usiku wa manane. Halafu akaomba peni, akauendeleza mstari kwenye ramani yangu mpaka kihambani kwetu.

Nikampigia mama palepale, nikamwambia nimesimama kwenye mfongo. Akauliza, "Leo zamu ya nani?"

Nikampa mzee simu.