Mwaka wa Mgao

Mwaka 2006 bwawa la Mtera, la kuzalisha umeme, lilipungua maji vibaya, na Dar es Salaam tukaishi kwa ratiba ya mgao wa umeme. Nilikuwa msaidizi katika maabara ya kompyuta ya chuo. Intaneti yetu ilipita kwenye dishi la setilaiti, ghali na ya kujikongoja. Mwanafunzi aliyetaka kujua amri moja tu ya Linux, mfumo ulioendesha kompyuta zetu, alisubiri ukurasa hadi kipindi kikaisha. Kumbe kabatini tulikuwa na DVD mbili za Debian 3.1, toleo mojawapo la Linux, zenye vifurushi vya programu zaidi ya 15,000, na vingi vimebeba miongozo yake vyenyewe. Nikaazimia kuitoa yote, niigeuze kurasa za HTML, kama zile za wavuti, niiweke kwenye seva yetu, isomeke bila intaneti.

Skripti yangu ya kwanza, yaani programu fupi ya kazi hiyo, ilifungua kifurushi kizima kwenye diski, ikageuza miongozo, ikafuta kilichobaki, ikahamia kingine. Umeme ukikatika, inaanza tena kwenye herufi a. Siku nne nilirudia hayo.

Mzee msimamizi alinikuta nimekaa mbele ya skrini iliyozima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa hiyo mashine ikiamka, inajuaje iliishia wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule, kwa mwanga wa koroboi, nikaiandika upya daftarini. Ndani ya kila kifurushi cha Debian mna faili la tar, yaani faili moja lililofungasha mafaili mengi. Nikalipitisha moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya mashine na kuchomoa folda ya miongozo, /usr/share/man, peke yake, mengine yasiguse diski kabisa. Hapo ndipo tulipookoa muda hasa. Miongozo mingine ilikuwa mstari mmoja tu, `.so` na jina la mwongozo mwingine: hiyo sikuigeuza, niliiwekea kiungo. Na kila kifurushi kikapata folda yenye jina na toleo lake. Skripti ikikuta folda ipo, inaruka.

Nilifurahi mno, hadi dada mmoja wa mwaka wa pili aliponiita. "Kaka, huu wa crontab hauishi." Nikainama kutazama mwongozo huo wa amri ya kupangia kompyuta kazi za saa maalumu. Sentensi ilikatika katikati ya neno, chini yake peupe. Umeme ulikuwa umezimika ukurasa ukiandikwa. Folda ilikuwapo, kwa hiyo skripti iliiruka kila ilipowaka. Roho iliniuma, maana sikujua ni wangapi walikwishasoma nusu wakidhani ndiyo yote.

Nikafuta folda zote. Safari hii kila kifurushi kiliandikwa kwanza kwenye folda ya muda, na kikikamilika ndipo folda inabadilishwa jina. Umeme ukikatika, ya muda inatupwa, kazi inaendelea palepale. Tulifika herufi z baada ya kukatiwa mara kadhaa.

Nilimwita yule dada. Aliteremsha ukurasa wa crontab hadi mwisho kabisa, akaona cron(8), jina la mwongozo mwingine, imepigiwa mstari, akabofya. Ukafunguka hapohapo.