Kopo la Maji

"Baba, mbona wanamwagilia nyumba kama mchicha?"

Mwanangu alikuwa dirishani, akimtazama fundi wa jirani akirusha maji kwa mpira juu ya zege la jana. Nikamwambia zege halikauki kama nguo. Saruji hushika kwa kuungana na maji, na ikiyakosa siku za mwanzo, zege huingia nyufa na nguvu yake haifiki. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki pale, nawaza lile kopo.

Mwaka wa pili, maabara ya zege, kundi la watu sita. Tulitakiwa kutengeneza zege la daraja la 25, yaani la kuhimili nyutoni 25 za nguvu kwa kila milimita ya mraba. Dada mmoja wa kundi letu ndiye aliyepima maji, kwa jagi, taratibu, macho usawa wa mstari. Koleo lilikuwa kwangu. Zege likakaza, mgongo ukauma. Wenzangu walipokwenda kuchukua kalibu, nikachota kopo moja la maji nikamimina. Likalainika vizuri kabisa. Tukajaza, tukashindilia, kesho yake tukaizamisha michemraba kwenye tangi.

Siku ya 28 tukazunguka mashine ya kukandamiza. Mchemraba wa milimita 150, kwa hiyo mshale ulipaswa kufika kilonyutoni 562 na ushee. Mia. Mia mbili. Mzee wa maabara hakusema neno, mkono kwenye valvu. Mia tatu. Kisha nikausikia mlio mdogo, kama mtu anayetafuna muwa chumba cha pili. Ufa mwembamba ukashuka pembeni, ubavu mzima ukabanduka, vumbi likatua kwenye viatu vyetu. Mshale ulikuwa umeishia 340 hivi. Ukigawanya kwa eneo la uso wa mchemraba, ni 15 tu, si 25.

Mzee akaokota kipande, akakielekeza kwenye mwanga. Vitundu vitupu.

"Maji yaliyozidi hayana kazi humu, vijana. Yakiondoka, yanaacha vyumba bila mtu. Nani alipima?"

Yule dada akanyoosha mkono. Mimi nikatazama sakafu. Ripoti aliiandika yeye, chanzo: kosa la kupima maji. Nikaweka sahihi yangu chini ya yake.

Siku hizi saiti, fundi akiniambia, "Injinia, tuongeze maji kidogo, limekaza," naujua uchovu wa mkono wake, na bado nakataa. Pengine hilo nililipata siku ile. Lakini yule dada, mpaka leo, anaamini alikosea kusoma jagi.