Nilivyopata mabuyu yasiyoshikana kwenye chupa

Ukiingia duka la vitamutamu Mombasa, jicho huenda kwanza kwenye chupa ya mabuyu mekundu. Kashata za nazi niliziweza upesi, mabuyu ndiyo yaliyonisumbua: jioni yanatoka mazuri, asubuhi yameshikana bonge moja.

Kipimo changu sasa ni ubuyu vikombe 4, sukari vikombe 2, maji kikombe 1, rangi nyekundu ya chakula na iliki iliyosagwa kijiko kimoja kimoja cha chai, pilipili ya unga nusu kijiko, na chumvi kidogo. Ubuyu uwe mkavu na mweupe. Ulioanza kugeuka kahawia umekaa sana. Naupepeta na kuondoa zile nyuzi za ndani ya buyu. Unga unaodondoka siutupi.

Nachemsha sukari, maji na rangi mpaka shira ivute uzi katikati ya vidole. Natia viungo, kisha ubuyu wote kwa mara moja, nageuza kwa mwiko juu ya moto mdogo dakika 3 hadi 5, naepua.

Kosa langu lilikuwa kutia ubuyu mapema, shira ikiwa bado maji. Unga uliambuka ukawa uji sufuriani, mbegu zikabaki tupu. Tena ubuyu ni mchachu, na uchachu ukichemka sana na sukari huivunja. Sukari ya namna hiyo hufyonza unyevu wa hewani. Mabuyu hayo hata ukiyaanika kutwa hayakauki!

Nikiepua namimina kwenye sinia pana, nanyunyiza ule unga niliouweka, na nayatenganisha yanapopoa. Unga huo huyazuia kugandana, na ndio unaofanya ulimi uonje uchachu kabla ya utamu. Kwangu mimi raha yote ya mabuyu iko hapo.

Yasifungwe yakiwa na joto, maana mvuke hugeuka maji ndani ya chupa. Natumia chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, kwa hiyo wateja nawafungia kwenye karatasi, lakini pale pale wanaponunua, kwa kuwa karatasi haizuii unyevu. Wakati wa masika napika nusu ya kipimo.