Nilivyochagua Boti ya Kupita Mtoni na Kufika Maji Makuu

Nilitaka chombo kimoja kitakachopanda mto wenye mafungu ya mchanga na pia kunifikisha nje ya mlango wa mto, kwenye mawimbi. Nilianza na mawimbi. Mtoni ukikwama unashuka, unasukuma, safari inaendelea. Maji yakiingia kwa nyuma ukiwa katikati ya bahari au ziwa, hakuna pa kushuka. Kwa hiyo omo (sehemu ya mbele) iliyoinuka, kuta za ubavuni zilizo juu na povu la kuelea lililojazwa chini ya sakafu ni mambo ambayo sikukubali kuyapunguza. Kina, yaani kiasi ambacho chombo huzama majini, ndicho nilichokitafutia njia nyingine.

Umbo la tumbo lilinisumbua zaidi. Tumbo bapa huelea kwenye maji haba sana, lakini kwenye mawimbi mafupi hugonga mpaka mgongo ukauma. Tumbo lililochongoka, lenye mwinamo wa nyuzi 20 au zaidi hadi nyuma, hupasua wimbi vizuri ila hudai kina na injini kubwa. Nikachukua la kati: kali kwenye omo, likilala taratibu hadi nyuzi kama 12 kwenye shetri, yaani nyuma. Upepo ukizidi napunguza mwendo, na linatulia.

Kuhusu kina, usitosheke na kipimo cha boti tupu. Niliomba iteremshwe majini, tukapakia mafuta, nanga, vifaa na watu wa kweli, ndipo nikapima. Hesabu yenyewe si ngumu: boti inayokalia maji eneo la mita 6 za mraba huzama kama sentimita 1.7 kwa kila kilo 100 unazoongeza. Watu wanne wazima na mizigo yao wanaweza kula sentimita 6, na kwenye fungu la mchanga hizo ni nyingi mno! Mtoni chombo huzama zaidi kidogo kuliko baharini, maana maji ya chumvi ni mazito na hubeba vizuri zaidi.

Uzito ndio ulionipeleka kwenye alumini badala ya faiba. Ikigonga jiwe, mara nyingi hubonyea tu, ingawa baharini inahitaji anodi (vipande vya metali vinavyoliwa badala ya boti) za kuzuia kutu na kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi.

Halafu kuna injini. Sehemu inayogusa chini kwanza huwa ni mguu wake. Injini ya kusukuma kwa mkondo wa maji haina propela ya kugonga, lakini hupoteza takribani asilimia 30 ya nguvu na hunyonya mchanga na majani. Nilibaki na propela, kwa injini inayoinuka kwa kitufe. Nikiwa nimeiinua naenda polepole, jicho likiwa kwenye maji ya kupozea: yakiacha kutoka, nazima mara moja. Tangi nililihamishia katikati ili nyuma isizame, na upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, hautoki botini.

Mahali pagumu kuliko pote ni mlango wa mto, kwa sababu hapo kina ni kidogo na mawimbi yapo. Maji yanayokupwa yakikutana na upepo wa baharini, mawimbi husimama na kukaribiana. Hapo nasubiri maji yaanze kujaa, ndipo navuka, injini imeshushwa na abiria wameketi.